Waliofika kwa Kahawa

Minneapolis,
18 Septemba 1983

Mpendwa dada Darla,

Salamu nyingi kutoka huku mjini. Mimi ni mzima, isipokuwa mafua kidogo niliyoyapata hapa bwenini, maana msichana ninayelala naye chumba kimoja hufungua dirisha hata kukiwa na baridi. Natumaini mama yako shangazi Carol na baba yako wamemaliza kuvuna ngano bila mvua kuwaharibia. Habari za bibi yetu siulizi, kwa kuwa siku hizi nazisoma gazetini kama watu baki.

Gazeti la Torvald lilinifikia Jumatano. Nilifungua ukurasa wa nne, kwenye safu ya "Waliofika kwa Kahawa", kama nifanyavyo tangu nilipojua kusoma. Chini ya safu, mahali ambapo jina la Bibi Gunda Aasen limekaa tangu kabla mimi na wewe hatujazaliwa, nikakuta pameandikwa Darla Moen. Nikadhani nimeletewa gazeti la mji mwingine.

Unajua, na Torvald nzima inajua, kwamba safu ile bibi aliniahidi mimi. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, nimekaa kwenye meza ya jikoni nikimsomea majina ya wageni, fulani alimtembelea fulani, wakala pai ya tufaha, na yeye akiyapiga kwenye ile taipureta yake ya kijani. Alinilea yeye baba alipofariki na mama akaolewa Arizona. Nimekuja huku kusomea uandishi wa habari kwa ajili ya meza ile ile. Wewe ulisema kwa mdomo wako kwamba gazeti letu ni la kufungia samaki.

Sina wivu. Nasema ukweli tu, kwa kuwa ndio ninaousomea.

Safu yako nimeipitia kwa kalamu nyekundu na nimeiambatisha humu. Umeandika kwamba Arne na Inga Nygaard walikunywa kahawa "kwa furaha" nyumbani kwa bibi. Nani amekwambia ni kwa furaha? Uliwauliza? Mwalimu wetu Bwana Kessler, aliyekuwa ripota wa gazeti la kila siku mpaka ugonjwa wa mapafu ulipomleta darasani kufundisha, anasema neno lisilo na shahidi lifutwe. Ametupa insha moja ya mwaka mzima, tutaikabidhi mwezi wa tano: habari ni ya nini? Wenzangu wameshaanza kuandika mambo ya vita na marais. Mimi nitaandika kwamba habari kwanza iwe kweli, mengine yatafuata.

Niambie kitu kimoja tu. Kwa nini wewe?

Ndugu yako,
Janelle

*

Torvald,
9 Oktoba 1983

Mdogo wangu Janelle,

Barua nimeipata, kalamu nyekundu nimeiona. Baba na mama hawajambo. Ngano imeingia ghalani, sasa ni zamu ya viazi sukari, na barabara yote ni matope ya malori. Mkahawani tunawasha majiko alfajiri kwa ajili ya madereva, na mikono yangu inanuka vitunguu hata nikitoka kuoga. Bibi hajambo. Anakunywa kahawa yake, anakula lefse yake, ule mkate mwembamba wa viazi, na siagi na sukari kama kawaida.

Sasa hao Nygaard wako. Ungekuwepo ungejua kwamba hawakuwa na furaha hata chembe. Inga alihamia kwa dada yake tangu Julai. Waligongana mlangoni kwa bibi, kila mmoja na sahani yake ya keki, na hakuna aliyekubali kuwa wa kwanza kuondoka. Walikaa wakitazama sukari. Mimi nikaandika "kwa furaha", Inga akalisoma, akacheka mpaka akampigia Arne simu kumwuliza kama ameliona. Wiki iliyopita karudi kwake. Labda si kwa sababu yangu, lakini mwambie Bwana Kessler.

Bibi alituambia sote wawili, usijifanye umesahau: lililowaangukia watu usiliandike, maana wote wanalijua. Andika nani alikwenda kuwaona.

Umeuliza kwa nini mimi. Kwa sababu nilikuwepo. Siku ile ulipopanda basi na sanduku lako jipya la bluu, mama alilia, bibi alilia, hata mchungaji alipenga kamasi. Mimi nilirudi kazini kukaanga mayai. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza ningependa kusomea nini. Sisemi kwa ubaya, nakujibu swali.

Tafadhali usimpigie bibi simu. Siku hizi hasikii vizuri kwenye simu, anachoka. Andika tu, nitamsomea.

Dada yako,
Darla

*

Minneapolis,
27 Novemba 1983

Dada Darla,

Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa na mitihani. Huku theluji imeanza. Sikukuu ya Shukrani nilikula kwa kina msichana wa chumbani, bata mzinga wao mkavu kama kadibodi, nikamkumbuka shangazi Carol na mchuzi wake. Msalimie sana.

Barua yako umeipiga kwa taipureta ya bibi. Nimeijua kwa ile herufi "e" inayoruka juu ya mstari. Ulikuwa na haja gani ya kuniandikia kwa mashine wakati mwandiko wako naujua? Ulitaka nione. Basi nimeona. Nimeirudisha barua ndani ya bahasha nikaenda kutembea mpaka masikio yakafa ganzi.

Nikupe na mimi habari zangu. Jengo moja la ghorofa tatu liliungua kaskazini mwa mji, nami nikatumwa na gazeti la chuo. Kulikuwa na mwanamke anaitwa Lorraine Tibbs, amesimama kwenye theluji bila viatu, na soksi tu. Nilimwuliza jina, nikamwomba anitajie herufi moja moja, nikamwuliza umri, maana bila umri Bwana Kessler hukata alama. Alijibu yote, meno yanagongana. Habari yangu ilitoka ukurasa wa kwanza na haikuwa na kosa hata moja. Bwana Kessler aliisoma mbele ya darasa, akasema hivi ndivyo kazi inavyofanywa. Nilipokaa kwenye kiti ndipo nikakumbuka kwamba usiku ule nilikuwa nimevaa koti, na chini ya koti sweta mbili.

Sijui kwa nini nakuandikia hili. Usilitie gazetini.

Krismasi sitakuja. Gazeti la chuo linanihitaji. Mwambie bibi, na umwambie habari yangu ilikuwa ukurasa wa kwanza, si wa nne.

Janelle

*

Torvald,
15 Januari 1984

Janelle,

Heri ya mwaka mpya. Baridi ya mwaka huu ni ya kuua. Gari la baba halijawaka tangu Krismasi, na mlango wa mkahawa unafunguka kwa teke. Sisi wazima.

Habari yako nilimsomea bibi. Alitaka kujua yule mama alikwenda kulala wapi. Nikatafuta kwenye gazeti lako juu mpaka chini, haikuwemo.

Krismasi imepita salama. Bibi alitandika sahani moja ya ziada mezani, na tangu supu mpaka kahawa alikuwa akiitazama. Mama alitaka kuiondoa, akamzuia mkono. Mwisho tukaiosha ikiwa safi.

Sina mengi. Kazi ni nyingi na safu haijiandiki yenyewe.

Darla

*

Minneapolis,
29 Aprili 1984

Darla,

Sikuijibu barua yako ya Januari kwa sababu ile sahani ilinikaa rohoni, na nilijua uliniandikia ili inikae. Salamu kwa shangazi na baba yako. Mimi mzima. Baada ya hapo sina salamu.

Gazeti lenu limenifikia jana. Nanukuu safu yako neno kwa neno: "Janelle Aasen alikuwa nyumbani kutoka Minneapolis kwa sikukuu ya Pasaka. Alimpikia bibi yake Gunda nyama ya nguruwe na viazi, akamwosha nywele na kumsuka, na asubuhi ya Pasaka walikwenda kanisani wameshikana mikono."

Mimi Pasaka nilikuwa hapa bwenini. Nilikula supu ya kopo. Nywele za bibi sijazigusa tangu Agosti. Umeliandika jina langu, jina la mtu aliye hai, kwenye gazeti linalosomwa na mji mzima, kwenye jambo ambalo halikutokea. Kwa Nygaard ulitia neno moja la furaha, ukanijibu, nikaliacha. Hili si neno moja. Hili ni uongo tangu herufi ya kwanza mpaka nukta.

Nimekaa nalo siku nzima nikitafuta sababu. Ulitaka watu wanicheke? Au ulitaka wale wanaojua kwamba sikuja waseme, tazama, hata bibi yake hana muda naye? Umeshachukua meza yangu. Umechukua taipureta. Safu niliyoingoja tangu utoto umeichukua bila hata kunipigia simu. Sasa umechukua na jina langu unalivalisha upendavyo kama mwanasesere.

Sawa, nitasema, maana hakuna anayetusikia. Nina wivu. Nina wivu tangu Septemba. Naona wivu kila wiki posta ikija. Hapa nasomea kuandika mbele ya watu wasiojua kama nipo, na wewe, ambaye hukutaka, unasomwa na kila mtu ninayempenda. Sikuja Krismasi kwa sababu hiyo, wala si gazeti la chuo. Nisingeweza kukaa pembeni nikikutazama umekaa kwenye kile kiti.

Nataka masahihisho yachapishwe. Usipoyaandika wewe, nitamwandikia Bwana Lund mwenyewe. Yeye ni mhariri, atajua la kufanya.

Janelle

*

Torvald,
6 Mei 1984

Janelle,

Nimesoma barua yako kwenye ngazi za nyuma za mkahawa, nikaisoma tena nyumbani. Sisi wazima. Theluji imeyeyuka na mto umepanda, lakini haujafika kwetu. Nakuandikia kwa mkono.

Usimwandikie Bwana Lund. Anajua. Torvald nzima inajua, isipokuwa wewe, na hawajakwambia kwa sababu niliwaambia wote kwamba unajua.

Akili ya bibi ilianza kuondoka mwezi ule ule ulipopanda basi. Sikupata siku ya kusema leo ndiyo imeanza. Alikuwa akiweka kahawa jikoni bila maji. Aliitafuta miwani akiwa ameivaa, hilo tulilicheka. Halafu jioni moja nikaenda na sufuria ya chakula kutoka mkahawani, nikamkuta kakaa mezani. Akasema, "Janelle, umechelewa. Kaa, tuandike."

Nikamwambia, "Bibi, mimi Darla."

Akasema, "Darla yuko kazini. Darla hana muda wa kukaa na mimi. Kaa."

Nikakaa, Janelle. Ningefanya nini? Akanitajia majina ya wageni, nikayapiga. Wengine wameshakufa, nikawaruka. Mwisho akasema, weka jina lako sasa, mimi macho yamechoka, safu ni yako kama nilivyokuahidi. Ulichokuwa unanionea wivu sikupewa mimi. Alikupa wewe. Mimi nilikipokea tu kwa kuwa nilikuwa ndani ya chumba.

Kwa Bwana Lund nilipeleka jina langu, nikijiambia kwamba aliyeandika ni mimi, huo ndio ukweli. Lakini kila Alhamisi gazeti likitoka ninamsomea bibi safu yote, na nikifika mwisho ninasoma, "Na Janelle Aasen." Anafurahi, ananipapasa mkono. Wewe unajua yeye si mtu wa kupapasa watu. Nimekuwa mjukuu wake miaka yote hii na hajawahi kunipapasa mpaka nilipokuwa wewe.

Ile sahani ya Krismasi haikuwa yako. Ilikuwa yangu. Alikuwa amekaa na "Janelle" wake pembeni, anamngoja Darla. Mama alipotaka kuiondoa akasema, "Iache. Darla hana adabu, lakini anaweza kuja." Nilikula chakula changu nikiitazama. Nilikuandikia nikakuacha udhani ni yako kwa sababu nilitaka mtu mwingine naye asilale.

Na Pasaka. Nyama niliipika mimi. Nywele nilimwosha mimi, kanisani nilimshika mkono mimi. Jioni akaniambia niandike, akatamka mwenyewe neno kwa neno, "Janelle Aasen alikuwa nyumbani". Ningeweza kumsomea tu na nisipeleke kwa mhariri. Lakini Inga Nygaard huja Ijumaa na gazeti lake mkononi, wanaongea yaliyomo, na bibi angeuliza mbona halipo. Hiyo ni sababu moja. Sababu nyingine ni kwamba nilitaka ulisome. Nilitaka uone mambo ambayo hukuyafanya, moja moja, na jina lako juu yake.

Kwa nini sikukwambia tangu mwanzo? Mama kila wiki ananiuliza, umemwandikia Janelle? Namwambia ndiyo. Nilijua nikikwambia utaacha masomo urudi, utaingia mlangoni, na yeye atakuona wewe halisi. Mimi nitakuwa tena yule anayeleta sufuria.

Masahihisho yako yaandike utakavyo. Mimi nimechoka kushika kalamu ya mtu.

Darla

*

Minneapolis,
27 Mei 1984

Mpendwa dada Darla,

Nimefika salama kutoka huko nyumbani. Basi lilichelewa kwa sababu ya mafuriko, lakini sandwichi zako zilitosha, hata nikamgawia mzee mmoja aliyekaa kando yangu, akataka kujua umeziweka nini. Mshukuru shangazi kwa kunipa kitanda. Baba yako mwambie goti alikande kwa maji moto, aache ubishi.

Mimi na wewe tuliosha vyombo pamoja siku tatu na hatukuzungumza ila sabuni na taulo. Kwa hiyo naandika. Kuna jambo lilitokea ulipokwenda dukani kununua maziwa, na nilishindwa kukwambia.

Siku zote tatu bibi aliniita "binti" na kunikaribisha kahawa kwa adabu zote, kama mtu wa kanisa la mji wa pili. Hilo uliliona. Ulipotoka, alivuta kiti karibu nami. Akachukua penseli, ingawa hakuna alichoweza kuandika, akasema, "Samahani binti, ni kwa ajili ya gazeti. Jina lako nani, na umetoka wapi?"

Darla, nilitaka kusema. Jina langu lilikuwa mdomoni. Nilikuja na basi kwa ajili ya kulisema, nilitaka alisikie, anishike mkono wangu mimi, si wako. Ndiyo ukweli, na ningekuwa na haki. Halafu nikamtazama, amekaa na penseli yake, ananingoja kwa uvumilivu, na nikamwona Lorraine Tibbs akinitajia herufi za jina lake.

Nikasema, "Darla Moen. Wa hapa hapa Torvald."

Penseli ikasimama. "Darla wa Carol? Wewe huji kwangu kamwe."

"Huja kila siku, bibi. Ndiye anayekuletea chakula," nikasema, maana kusema "mimi" nilishindwa.

"Kila siku?"

"Na nywele hizi alizisuka yeye."

Akazigusa. Halafu akauliza, kwa sauti ile ile ya zamani aliyokuwa akitumia nikikosea jina la mtu, "Sasa mbona hajaandikwa?"

Jibu akalipata mwenyewe. Akainama kwangu kama anayetoa siri. "Ni Janelle," akasema. "Ndiye mwandishi siku hizi. Atakuwa amemwacha makusudi. Ana wivu yule mtoto, tangu mdogo. Nampenda sana, lakini ana wivu."

Wewe ukaingia na maziwa. Uliniuliza nacheka nini, na nilipokuwa natoka nje ukaniuliza nalia nini. Ndiyo hayo.

Insha ya Bwana Kessler nimeikabidhi. Ile ya mwanzo, ya kurasa kumi na moja, niliiacha kwenye droo, nikaandika nyingine juu ya yule mama wa soksi, na lile swali la bibi kwamba alikwenda kulala wapi. Nilirudi ule mtaa kumtafuta, majirani wakaniambia kahamia kwa dada yake huko Iowa. Bwana Kessler amenipa alama za kati na ameandika pembeni, "Hujajibu swali." Ni kweli sijalijibu. Najua tu kwamba nilikuwa na majibu yote ya yule mama, mpaka umri, na lile swali moja sikuliuliza.

Wivu wangu haujaisha, usidhani. Nimepanda basi nao na nimeshuka nao. Anapokupapasa, moyoni mwake ananipapasa mimi, lakini joto la ule mkono unalipata wewe, na mimi nalipata kwa barua. Taipureta kaa nayo. Ungenipa ningeikataa, na ningejuta mpaka nife, kwa hiyo usinipe.

Masahihisho nimeyaandika. Mpelekee Bwana Lund kama yalivyo, usitie wala kutoa neno:

"Katika safu hii wiki ya Pasaka tuliandika kwamba Janelle Aasen alikuwa nyumbani na bibi yake. Janelle Aasen hakuwepo. Aliyepika nyama, akamwosha bibi nywele na kumshika mkono kwenda kanisani ni mjukuu wake mwingine, Darla Moen, ambaye huwepo kila siku, na ambaye safu hii haijawahi kumtaja. Tunaomba radhi. Kosa ni letu."

Likitoka, msomee.

Mdogo wako,
Janelle

*

Torvald,
10 Juni 1984

Mdogo wangu mpendwa Janelle,

Salamu kutoka kwetu sote. Mto umerudi mahali pake. Goti la baba limepona, lakini anasema limepona lenyewe. Inga Nygaard anakusalimu na anasema umekonda.

Bwana Lund aliyasoma masahihisho akiwa amesimama, akayasoma tena amekaa. Akasema miaka yote hajawahi kuchapisha kitu ambacho mji mzima tayari unakijua. Nikamwambia basi hiki kitakuwa cha kwanza. Kimetoka Alhamisi. Mkahawani, unawajua watu wetu, kila mmoja aliagiza pai hata wasiopenda vitu vitamu, na mzee Arne aliondoka akasahau kofia, akairudia, akanishika bega, akatoka tena.

Jioni nikamsomea bibi. Nilipofika kwenye jina langu ikabidi nisimame kidogo nifute miwani. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Soma tena huyo Darla." Nikasoma tena.

"Sasa hayo ndiyo masahihisho," akasema. "Nani ameandika?"

"Janelle," nikasema, na kwa mara ya kwanza nilipomtajia jina hilo halikuwa uongo.

Akanipapasa mkono. "Umefanya vizuri. Ulikuwa na wivu, umeuweka chini. Sasa mwandikie huyo Darla umshukuru. Tukichelewa atadhani sisi watu wa roho mbaya."

Akaitamka mwenyewe, nami nikaipiga. Naiambatisha kama ilivyotoka kinywani mwake:

"Mpendwa Darla, nimeambiwa kwamba wewe huja kwangu kila siku, nami sikukuandika hata mara moja. Mtu akifika kwangu huandikwa. Asante kwa nyama ya Pasaka na kwa nywele. Niliweka sahani yako wakati wa Krismasi, sijui nani aliiondoa. Njoo tena. Kahawa ipo. Bibi yako, Gunda Aasen, kwa mkono wa Janelle."

Hapo chini, kwenye mkono wa Janelle, nimeacha nafasi. Nilishika kalamu nikaiweka chini. Mengine yote nimeyafanya kwa jina lako, hili siwezi.

Tia sahihi, Janelle. Ifunge kwenye bahasha, andika jina langu juu na anwani yote, na uipeleke posta. Naijua neno kwa neno, lakini nitaingoja.

Dada yako,
Darla